Karani na Matarumbeta ya Mfukoni

Mtu akisema mbele yangu kwamba Karani alikataa isale, tunagombana hapo hapo. Awe shangazi yangu, awe katekista, simwachi. Nimeshagombana harusini, nimeshagombana msibani tukimenya ndizi, na kuna jamaa nilimmwagia pombe ya mbege kwenye shati jeupe kwa sababu hiyo hiyo, na shati lenyewe nilimuuzia mimi.

Kwa wewe usiyezaliwa mlimani, isale ni lile jani refu la kijani tunalopanda mipakani na makaburini. Ukimkosea mtu, unachuma jani, unalifunga fundo, unampelekea kwa mikono miwili. Akishaletewa isale, mtu huyo hana ujanja. Hata kama ulimuulia ng'ombe wa maziwa, atasamehe. Akikataa, kosa lote linamhamia yeye, na wazee wanaanza kumwangalia kama mtu aliyekojoa kwenye chemchemi. Ndiyo maana nagombana. Wanayemsema namjua, na redio yake ya njano naijua, maana ilinunuliwa nikiwa nimesimama pale pale.

Kwetu Kirua alikuwa karani wa mizani wa chama cha ushirika, miaka ile kahawa ina mnunuzi mmoja tu. Hakuna aliyemwita kwa jina. Hata mke wake alisema, "Karani, chakula." Alikuwa mnene, mfupi, ana kofia ya sufu hata jua likiwaka, na macho yake yalikuwa hayaangalii uso wa mtu kwanza, yanaangalia mzigo. Ukimwambia shikamoo anajibu "marahaba" huku anakadiria kikapu chako. Kwenye ubatizo alipokea mtoto, akamning'iniza kidogo hewani, akamrudishia mama yake: "Amepungua tangu Jumapili. Mnyonyeshe." Msibani aliangalia mabega ya wabebaji, akanong'ona, "Marehemu alikuwa amekwisha, maskini."

Alikuwa na misemo yake, yote ya mizani. "Kisichosogeza mshale hakipo." Na ule mwingine ambao nimewahi kutaka kuuandika ukutani kwenye kibanda changu cha mitumba: "Mizani haina shemeji."

Na kweli haikuwa naye. Mama yangu alikuwa mjane, ana vimiche vyake vya kahawa nyuma ya jiko, na wanaume wakimwona kwenye foleni ni kama wameona uwazi wa kupita. Siku moja mheshimiwa mmoja, tumbo mbele, akampita mama, akatupa gunia lake kwenye mizani, halafu akaliegemea kama anapumzika. Karani hakupandisha sauti.

"Mheshimiwa, toa mkono kwenye gunia."

"Mkono una nini?"

"Mkono wako haujakaushwa juani. Sinunui mbichi."

Ghala zima lilicheka mpaka vumbi likashuka kwenye mabati. Mheshimiwa akatoa mkono, na akarudi nyuma ya mama yangu. Nilikuwa mdogo, na tangu siku hiyo Karani ni wangu. Sihitaji sababu nyingine, na wewe usiniombe.

Halafu likaja soko huria. Wanunuzi binafsi walipanda mlima na pikapu, mizani yao ina haraka kuliko wao wenyewe, na watu wakauza kahawa barabarani kama maandazi. Ghala la chama likabaki na panya, harufu, na Karani, ambaye aliendelea kufungua mlango kila asubuhi na kuifuta mizani vumbi. "Soko huria limetuletea nini?" alikuwa akiniuliza. "Nguo za marehemu wa Ulaya!" Ananiuliza mimi, niliyemaliza la saba na kujifunza maisha yote yaliyobaki kwenye marobota ya mitumba Moshi mjini! Nilimjibu, "Na hilo koti ulilovaa, Karani, marehemu alikuwa saizi yako kabisa." Akalifunga vifungo. Koti lilikuwa zuri. Alikuwa mtu wa hivyo, anatukana soko huria saa nzima halafu anauliza kama marobota mapya yameshafika.

Kwa kukosa magunia ya kuinua, akazidi kunenepa. Asubuhi mtori, mchana kiburu cha watu watatu, na jioni mbege kwa sababu daktari hakuwa amesema kitu. Daktari akaja kusema. Kizunguzungu kilimpeleka hospitali ya mjini, nikampeleka mimi, na kitu cha kwanza walichomfanyia ni kumpandisha kwenye mizani. Sura yake siku hiyo sitaisahau. Ilikuwa kama umemkamata kinyozi umnyoe kwa nguvu.

"Mizani yenu mbovu," alisema.

"Mzee, mizani ni nzima. Presha iko juu," daktari akasema, kijana mpole. "Kila asubuhi tembea. Tembea kwa nguvu mpaka utoke jasho."

"Kwenda wapi?"

"Popote."

"Popote siyo mahali, daktari."

Mnacheka, lakini alikuwa sahihi kabisa. Jaribu kutembea mlimani kwetu mikono mitupu, huendi shambani, huendi kanisani, huendi kwa mgonjwa. Siku ya kwanza Karani alishuka barabara ya kijiji akitupa mikono. Kila geti likafunguka.

"Shimbonyi, meku! Kuna nini? Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Natembea."

"Unakwenda wapi?"

"Siendi."

"Unatoka wapi?"

"Nyumbani."

"Mmegombana na mama?"

Hakumaliza hata nusu ya barabara. Jioni mke wake aliletewa ndizi na maziwa na majirani watatu waliokuja kumpa pole ya ndoa. Siku ya pili Karani akajifanya mjanja, akabeba jembe begani ili aonekane ana shughuli. Watu wakaona ana jembe. Akaitwa kwa huyu kuzibua mfereji, akaitwa kwa yule kuchimba shimo la mgomba, na kwa heshima zake hakuweza kukataa. Siku ya tatu alilala.

Aliyemwokoa ni mzungu. Karani alikuwa mjini, amekaa kibandani kwangu ananikosoa namna ninavyokunja suruali, akapita binti wa kizungu mbio, kaptula, uso mwekundu kama nyanya, na kitu kidogo kimening'inia kiunoni na waya mpaka masikioni. Alipita katikati ya soko zima, na hakuna hata mtu mmoja aliyemuuliza nani kafa.

Karani akasimama. "Kipaza," akaniita. Aliniita hivyo, kipaza sauti, kwa sababu ya mdomo wangu. "Kile nini?"

"Wokmeni. Redio ya kanda, ya kusikiliza peke yako."

"Hawamuulizi anakwenda wapi."

"Watamuulizaje? Wanaona hasikii."

Alivuta pumzi kama mtu aliyeonyeshwa mlango gerezani. "Basi nataka hiyo."

Sasa kununua kitu na Karani ni adhabu. Tulikwenda dukani kwa Bhai, Mhindi wa vyombo vya umeme aliyezaliwa Moshi, baba yake alizaliwa Moshi, na Kichagga anakijua kuliko mimi. Akipunguza bei anapunguza kwa Kichagga ili uone aibu kuendelea kuomba. Bhai alipanga wokmeni mezani. Ya kwanza ya fedha, nyembamba, kanda inajigeuza yenyewe. Ya pili nyeusi, ina redio ndani. Ya tatu njano, imejaa kama sabuni ya mche, ina mkanda wa kufunga kiunoni.

Karani akaingiza mkono kwenye koti la marehemu, akatoa mizani. Kile kimizani cha kuning'iniza, chenye ndoano. Alikuwa akitembea nacho.

"Karani," Bhai akasema, "redio hainunuliwi kwa kilo."

"Wewe unauza unachokijua. Mimi nanunua nitakachobeba. Weka betri ndani, nisije nikapima ganda."

Akaning'iniza zote tatu moja baada ya nyingine, amefumba jicho moja. Watu wakaanza kusimama mlangoni. Halafu akataka kuzijaribu akikimbia. Bhai akasema dukani hapakimbiliwi, kuna vioo. Basi Karani akatoka kwenye ngazi za baraza, akavaa ya fedha, akapanda na kushuka, anapanda na kushuka, koti linapiga makofi, na watu sasa wamekuwa wa kutosha kuchagua diwani.

"Inalia kama mbuzi!" akapiga kelele. "Nikikanyaga, mwimbaji anakanyagwa!"

"Usipige kelele, Karani, tunakusikia!"

"Nini?"

"Nasema tunakusikia!"

"Sikusikii!"

Nyeusi ilifunguka mlango kwenye ngazi ya pili, kanda ikaruka ikamwangukia muuza karanga. Ya njano haikutikisika. Ilikuwa nzito kuliko zote, na kwa kweli iliniudhi kuiona, maana ilikuwa na sura ya kitu cha kuchezea watoto bafuni. Nikamwambia, chukua ya fedha basi, utatembea polepole, wewe si mbio za mwenge. Akanitazama. "Kipaza, jepesi linalolia na zito linalonyamaza, wewe ungeolewa na lipi?" Nikamrudishia Bhai ya fedha.

Yakaja masikio. Bhai akampa hedfoni ndogo, zile za sponji. Karani hakuzivaa. Alizishika mkononi, akamwambia Bhai awashe, akatega sikio kwa mbali.

"Zinavuja."

"Zote zinavuja kidogo, ndugu yangu."

"Gunia linalovuja sipokei. Sauti niliyoilipia inakwenda kwa muuza karanga."

Kwenye kabati la juu kulikuwa na nyingine kubwa, nyeusi, zinafunika sikio lote kama bakuli. Karani alizivaa juu ya kofia ya sufu, nikamwita, nikamwita tena, nikamtukana kidogo kupima. Hakugeuka. Akazivua ametabasamu. "Hizi zimeshonwa."

"Karani," Bhai akamwambia, na safari hii hakuwa anauza, "hizi ni za kukaa kwenye kiti. Barabarani hutasikia hata gari."

"Gari lina breki zake."

"Na watu?"

"Anayenitaka atanigusa bega."

Maneno hayo yakumbuke. Mimi niliyasikia nikacheka, na Bhai pia akacheka, akamfungia kwenye gazeti.

Kuchagua cha kusikiliza kulichukua muda kuliko kuchagua redio. Nilimpa kanda za dansi, akarudi analalamika kwamba miguu haitembei, inacheza, na mke wa mtu alimwona akizunguka kwenye kona ya zahanati. Kwaya ikamfanya atembee kama yuko kwenye maandamano ya Ijumaa Kuu, jasho halitoki, machozi ndiyo yanatoka. Mwishowe nikampelekea kanda ya matarumbeta, ile bendi inayopanda nyuma ya lori siku za harusi, midomo imevimba, ngoma kubwa inapiga du, du, du. Hapo ndipo akapata dawa. Mashavu yake yalipungua mwezi ule ule. Betri zikiisha nguvu alizianika kwenye bati la jiko pamoja na kahawa, halafu anaweka hizo hizo. Ndiyo maana akishuka bendi inakwenda vizuri, akipanda kurudi tarumbeta zinalia kama ng'ombe anayejifungua. Nilimwambia ni betri. Alikataa. "Mlima ni mzito hata kwa nyimbo." Huyo ndiye mtu aliyekuwa hapokei gunia bila kulifungua alione ndani.

Basi kijiji kikamzoea. Asubuhi unaona mzee mnene na mabakuli masikioni, kitu cha njano kiunoni, anapiga hatua za gwaride, mikono inaongoza bendi ambayo hakuna mwingine anayeisikia. Hakuna aliyemuuliza anakwenda wapi. Walifikiri ni matibabu, na yalikuwa matibabu.

Sasa nifike kwa mdogo wake, maana hapo ndipo damu yangu inapochemka.

Kihamba chao, shamba la urithi, kiligawanywa sehemu mbili na baba yao, katikati mstari wa masale. Mdogo mtu alifungua glosari upande wa barabara, bia, soda, mishikaki, redio ya kelele ya watu wote. Glosari ikahitaji benchi. Benchi halikutosha. Siku moja Karani akaamka akaona masale yamesogea upande wake, shubiri mbili. Si nyingi, hata mgomba mmoja hauenei hapo. Lakini umwambie hivyo mtu wa mizani!

"Umehamisha mpaka wa baba."

"Kaka, sijagusa. Mizizi inatembea."

"Mizizi inatembea mstari mmoja, yote, hadi kwenye benchi lako?"

Miaka mingi ikapita hawasemeshani. Wake zao waliendelea kupitishiana chumvi na maziwa katikati ya masale hayo hayo, watoto wao walikula popote walipokuta sufuria, lakini wanaume wale wawili, mmoja akitokea mwenzake anageuza shingo. Karani aligeuza shingo kwa utaalamu. Akiona tu viatu vya mdogo wake kwa mbali, uso unahamia upande wa pili kama umefungwa kamba.

Mama yao alikuwa hai, mzee sana, mdogo kama kuku, lakini kauli yake ilikuwa bado na meno. Mwaka ule wa redio ya njano, Krismasi imekaribia na watu wa mijini wanaanza kupanda na magunia ya mchele, akawatangazia wote wawili kupitia wake zao: "Mbuzi wa mwaka huu sili nyama yake kama imegawanywa kwenye majiko mawili. Na sisemi kwa mwaka huu tu. Nikifa, msile matanga yangu kwa majiko mawili. Mkishindwa, nizikwe kwa wajomba."

Kwetu mama hawezi kuzikwa kwa wajomba wakati ana wana. Hiyo ni aibu ambayo hata wajukuu watapewa jina lake. Mwenye glosari alisikia, akanywa chupa nzima ya soda kama ni dawa, na asubuhi akachuma isale. Hilo ninamhesabia. Mtu mbishi kuchuma isale ni kama kung'olewa jino bila ganzi. Akalifunga fundo, akaenda kusimama bombani, kwenye kona ambayo kaka yake hupita. Akina mama walikuwa pale na ndoo zao, wengi, na bomba lilikuwa linatoa uzi wa maji. Yaani hakuna aliyekuwa na haraka.

Karani akatokea. Du, du, du, anashuka. Akaona viatu. Shingo ikageuka yenyewe. Mdogo wake akatoka mbele, jani mikononi, akasema kwa sauti ambayo bomba zima lilisikia: "Kaka, nimekosa. Pokea."

Na ndani ya mabakuli yale, bendi ilikuwa imefika pale inapopandisha. Karani, uso upande wa pili, akaona tu kwenye kona ya jicho kitu cha kijani kimemjia kama tawi. Akalipangua kwa mkono wa kulia, mkono ule ule unaoongoza bendi, bila kupoteza hatua. Jani likaanguka kwenye tope. Akalikanyaga. Akaendelea.

Ndoo zilimwagika zenyewe. Kabla hajafika daraja la chini, juu kabisa kanisani walishajua: Karani amekataa isale, amelikanyaga.

Mimi nilikuwa nimepanda kwa sikukuu. Nilimkuta kwake anaanika betri, anaimba kwa pua. Nikamweleza kwa kelele, ndiyo, sijui kueleza kwa namna nyingine. Akakaa kwenye kinu.

"Alisema nini?"

"Alisema, kaka, nimekosa, pokea."

"Alisema 'kaka'?"

Hilo ndilo alilolishika. Hakuuliza wazee watasemaje. Miaka yote hiyo alikuwa anasubiri mtu aseme neno moja, na siku liliposemwa masikio yake yalikuwa yameshonwa kama gunia.

Wazee waliita kikao kwenye ghala la chama, maana ndilo lenye nafasi. Mizani ya zamani bado ilisimama pale, imefutwa vumbi. Mama mtu aliletwa, akakalishwa kwenye kiti chenye mto. Mdogo mtu alisimama mlangoni na lile jani, alilokuwa ameliokota. Lilikuwa limenyauka, tope limekaukia juu. Mzee wa ukoo akaanza.

"Ndugu yako alikusemesha. Masikio yako yalikuwa wapi?"

"Yalikuwa kwenye matarumbeta," Karani akasema, kichwa chini.

"Nani aliyeoa?"

"Hakuna aliyeoa."

"Matarumbeta ya nani sasa? Yalikuwa wapi?"

"Kiunoni."

Halafu mzee mmoja wa nyuma: "Aisee. Harusi iko kiunoni kwa Karani." Wakaanguka kucheka, na Mzee wa ukoo akagonga fimbo: "Karani, umri wako wote hatujakuona umelewa asubuhi. Usituchezee. Isale si mchezo."

Nikashindwa kuvumilia. "Ayavae basi mabakuli hayo mmoja wenu, muone!"

"Binti, hapa wanaongea wazee."

"Mimi siongei, Mzee wangu, napiga kelele tu!"

"Leteni," ikasema sauti ndogo. Ilikuwa ya mama mtu. "Nivalisheni mimi."

Karani akamfungulia kilemba kidogo, akamwekea mabakuli masikioni, akabonyeza redio. Mara ya kwanza bibi alishtuka, akashika kiti. Halafu kichwa kikaanza kwenda, du, du, taratibu. Halafu akatabasamu, fizi zote nje, akapiga kelele ya kusikika barabarani: "WANAPIGA VIZURI! NI WA WAPI HAWA?"

Mzee wa ukoo akamgeukia mwenye glosari. "Mwambie mama yako neno ambalo akilisikia atakasirika. Tuone."

Mwenye glosari akatazama chini. Akalizungusha lile jani kwenye vidole, na alipofungua mdomo sidhani kama alikuwa anafanya majaribio tena.

"Mama," akasema, "masale ya baba niliyahamisha mimi. Kwa jembe. Siku mvua ya kwanza ilipolainisha udongo."

Mama anatikisa kichwa, anatabasamu. "EEEE!" akasema. "HAPO HAPO!"

Hakuna aliyecheka safari hii. Kila mtu alimwangalia Karani. Miaka yote alikuwa akiidai kauli ile, na ilikuwa imetoka mbele ya ukoo mzima, ndani ya ghala lake, pembeni ya mizani yake. Tulijua atakachosema. Atataka shubiri zake mbili, na za fidia juu.

Alitembea mpaka mlangoni. "Lete hilo jani."

"Limekauka, kaka. Nichume lingine."

"Likikauka linapungua uzito tu," Karani akasema. "Bado ni jani." Akalipokea kwa mikono miwili.

"Na mpaka?" mzee wa nyuma akauliza, maana kuna watu hawawezi kuacha kitu kizuri kikae.

"Masale yarudi yalipokuwa. Benchi libaki lilipo." Karani akapangusa pua kwa mkono wa koti. "Shubiri mbili za benchi zitakuwa kwangu. Nikienda glosari kukaa, nimekaa kwangu, asije mtu akaniuliza nimeagiza nini."

Mama akavua mabakuli mwenyewe, kilemba kimekwenda upande. "Mmemaliza?" akauliza. "Mbona mmenyamaza? Hata kama wanangu wameshindwa kupatana, semeni basi." Hakuna aliyemwambia alichokosa kusikia, hata siku moja. Mbuzi aliliwa kwenye jiko moja, na mama akala ulimi.

Sasa niambie, aliyekataa isale yuko wapi hapo? Lakini akina mama wa bombani waliona kwa macho yao, na kikaoni hawakuwepo, na hadithi ya bombani ina tope na kukanyaga, ya ghalani ina bibi anayetikisa kichwa. Ndiyo maana ya bombani inaishi. Mimi naipiga teke kila ninapoikuta.

Miaka ikaenda. Kanda zikafa. Mjini zikaingia redio ndogo mno, hazina kanda wala mlango, nyimbo mia ndani ya kitu kama kiberiti. Nikamnunulia Karani moja, maana ile ya njano ilishakuwa inameza kanda kuliko kuzipiga. Nikamjazia matarumbeta peke yake. Alikuwa amezeeka, koti la marehemu limekuwa kubwa. Akatoa kimizani mfukoni, akaning'iniza. Mshale haukusogea.

"Kipaza," akaniambia kwa huruma, "wamekuibia. Hii haipo."

Na masikio ya redio hiyo yalikuwa vile vidude viwili vya kuchomeka, vidogo kama harage, waya mwembamba. Akavigeuza, akavitazama kama mtu anayetafuta tundu kwenye gunia. "Hivi vinavuja?"

"Vinavuja," nikasema. "Vyote."

"Eeh," akasema, akaviweka mfukoni. Hakusema vizuri wala vibaya, nami nikakasirika, nikashuka zangu mjini.

Desemba nikapanda tena. Asubuhi ukungu uko chini, nikatokea kwenye kona ya bomba na mzigo wangu kichwani, nikaona wazee wawili wanashuka. Mmoja mfupi, mmoja mrefu wa glosari. Wanatembea gwaride, mguu wa kushoto pamoja, wa kulia pamoja, wanalaumiana kwamba mwenzake anakimbia, kwa sauti ya kusikika hadi kanisani. Nilishangaa kwa nini wamebanana hivyo barabara yote ikiwa tupu. Walipokaribia ndipo nikaona. Harage moja lilikuwa kwenye sikio la Karani, la pili kwenye sikio la mdogo wake, na katikati yao waya ule mwembamba, ambao ukiunyoosha wote haufiki shubiri mbili.

"Shikamooni, wazee wangu!" nikasema.

Du, du, du.

"SHIKAMOONI!"

Wakanipita. Mikono yao yote minne ilikuwa inaongoza bendi. Akina mama wa bombani wakaniangalia, mmoja akafungua mdomo aseme neno. Nikatua mzigo chini.

"Sema," nikamwambia. "Thubutu useme."